Kitabu cha Chai

Mjapani Okakura Kakuzo alikitoa kitabu hiki mwaka 1906, naye alikiandika kwa Kiingereza, maana alitaka watu wa Ulaya na Marekani waache kuwadharau watu wa Asia. Ni kitabu chembamba, nasi twakisifu hasa kwa habari za chumba cha chai. Mlango wake hauzidi kimo cha futi 3, hata kila mgeni huingia kwa kuinama. Na zamani samurai aliuacha upanga wake nje. Ndani, mwenyeji hukoroga unga wa chai ya kijani bakulini kwa kifagio cha mwanzi, bila maneno mengi.

Lakini je, hiyo ndiyo chai yote ya Japani? Nyumbani watu hunywa chai ya majani yaliyotiwa maji ya moto tu, pasipo sukari wala maziwa (wengi wetu tungekunja uso), na pengine huimimina juu ya wali wakala. Chai hii Okakura aitaja upesi, kama apitaye mlangoni pa maskini.

Tena amaliza kwa kifo cha Sen no Rikyu, mwalimu mkuu wa chai, ambaye mtawala Toyotomi Hideyoshi alimwamuru mwaka 1591 ajiue. Asimulia jinsi mzee huyu alivyowanywesha wanafunzi wake chai ya mwisho, kisha akalivunja bakuli lake. Masimulizi ni mazuri mno, hata ukatili wa amri ile wageuka pambo. Hapo hatuwezi kumfuata.