Kulipima Giza la Barnard 68

Katika kundinyota la Hawaa lipo doa jeusi ambalo katikati yake picha za kawaida hazionyeshi nyota hata moja. Edward Emerson Barnard, Mmarekani aliyeanza kazi utotoni katika studio ya mpiga picha, aliliweka namba 68 katika orodha yake ya mwaka 1919. Zamani madoa kama haya yalidhaniwa kuwa matundu ya anga. Kumbe ni mawingu ya gesi na vumbi. Hili lina upana wa nusu mwaka wa nuru hivi, na mada ya kutosha Majua mawili.

Kulipima ndiyo kazi. Gesi yake karibu yote ni haidrojeni, na kwenye baridi ya nyuzi 263 chini ya sifuri haidrojeni hiyo haitoi hata mnong'ono wa mionzi. Wanaastronomia João Alves, Charles Lada na Elizabeth Lada wakaliacha wingu lenyewe, wakazitazama nyota zilizo nyuma yake. Mionzi ya infraredi hupenya vumbi, lakini hulipa ushuru: mawimbi mafupi hupotea zaidi ya marefu, na nyota huonekana nyekundu kuliko ilivyo. Wekundu ukizidi, vumbi ni zito. Kwa darubini za ESO, shirika la Ulaya la uchunguzi wa anga, nchini Chile walizipata nyota zaidi ya 1,000 zilizofichwa na wingu, wakazikagua moja moja, kila nyota ikitoa kipimo cha mahali pake tu. Ni uvumilivu wa ajabu, na ulilipa. Walipochapisha mwaka 2001, msongamano kutoka ukingoni hadi kitovuni ulifuata barabara hesabu ambazo wataalamu Ebert na Bonnor walizifanya miaka ya 1950, za tufe la gesi ambalo shinikizo lake hushindana na uzito wake. Barnard 68 iko mpakani kabisa mwa kuporomoka.

Ramani hiyo ikaumbua shahidi aliyeaminiwa mno. Wataalamu wamezoea kukisia haidrojeni kwa kupima kaboni monoksaidi. Mwaka 2002 Edwin Bergin na wenzake, wakitumia darubini ya redio ya mita 30 huko Hispania, waliikuta ikipungua kitovuni, pale pale ambapo vumbi ni zito zaidi. Haikutoroka, ilikuwa imeganda juu ya chembe za vumbi. Shahidi wa pili, ioni ya N2H+, hustahimili zaidi, maana kaboni monoksaidi ndiyo huiangamiza, na sasa adui huyo amegandishwa. Hata hivyo, kitovuni kabisa nayo hupungua. Bila zile nyota za nyuma, nani angejua kwamba mashahidi wote wawili wanapunja?

Huo "uzito" wa kitovu, tukumbuke, ni molekuli laki mbili hivi kwa sentimita moja ya ujazo, utupu mkubwa kuliko wa pampu nyingi za maabara. Tafuta picha mbili za ESO za wingu hili, ya nuru ya kawaida na ya infraredi, uzitazame kwa pamoja.