Je, Kiswahili Hakina Dhamira Tegemezi Timilifu?

Katika madarasa ya sarufi linganishi hurudiwa dai moja: kwamba Kifaransa kina dhamira tegemezi ya wakati uliopita, na Kiswahili hakina. Mwandishi wa makala haya naye alilikariri dai hilo, kwanza katika semina ya shahada ya uzamili ng'ambo, kisha mbele ya wanafunzi wake mwenyewe. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Mji wa Kale wa Mombasa, aliandika zoezini, "Yafaa wawe wamekula kabla ya safari," akaliita umbo hilo dhamira tegemezi timilifu. Nilimkata alama. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba mwanafunzi alisema kweli, na kwamba aliyekosea ni msahihishaji.

Msingi wa dai lenyewe unaeleweka. Dhamira tegemezi ya Kiswahili huundwa kwa kiambishi cha nafsi na irabu e mwishoni mwa vitenzi vya Kibantu: aende, tusome. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu hubaki na irabu zao: asafiri, tufikiri. Kiambishi cha njeo hakina nafasi hapo. Tukisema "alitaka aende", wakati uliopita umebebwa na kitenzi kikuu peke yake. Aliyelelewa na Kifaransa cha vitabuni, chenye il voulait qu'il allât, huona kwamba sisi tuna pengo. Lakini Kifaransa cha mazungumzo nacho kimekwisha kuliacha umbo hilo. Watu husema il voulait qu'il aille, na wakati uliopita hubebwa na kitenzi cha kwanza, kama kwetu.

Umbo lililo hai katika vinywa vyao ni lile liitwalo subjonctif passé. Hilo huundwa kwa kitenzi kisaidizi, avoir au être, kilichotiwa katika dhamira tegemezi, kikifuatwa na kitenzi kinachoonyesha jambo lililotimia. Na tuulinganishe muundo huo na maneno niliyoyasikia jioni moja Ndia Kuu, mama akimwagiza mwanawe:

(1) Mwanangu, adhana ya magharibi ikiadhiniwa nataka uwe ushafika nyumbani.

"Ushafika" ni ufupisho wa "umekwisha fika". Kitenzi kisaidizi "kuwa" kimetiwa katika dhamira tegemezi, na kitenzi kikuu kimebeba utimilifu. Mfaransa angesema:

(2) Je veux que tu sois rentré.
Nataka uwe umerudi.

Muundo ni mmoja. Tena yapasa kuangaliwa kwamba hakuna wakati uliopita katika sentensi hizo zote mbili: magharibi bado haijaingia, na mtoto bado hajarudi. Linalotajwa ni utimilifu. Kwa hiyo jina passé linapotosha katika Kifaransa chenyewe, nasi tulilichukua jina hilo tukalitafutia umbo, badala ya kuitazama kazi yake.

Haidaiwi hapa kwamba lugha hizi mbili hulingana kila mahali. Mfaransa husema je regrette qu'il soit parti. Sisi husema "nasikitika kwamba ameondoka", wala si "awe ameondoka". Sababu ni kwamba Kifaransa hutumia dhamira tegemezi hata kwa jambo lililokwisha kuwa, maadamu msemaji anaeleza hisia zake juu yake. Kiswahili huiweka kwa jambo linalotakiwa, linalopasa au linalodhaniwa: "Yawezekana awe ameondoka." Hiyo ndiyo tofauti ya kweli, nayo ni ya matumizi, si ya upungufu wa maumbo.

Kwa upande mwingine, Kifaransa cha fasihi kina sentensi kama s'il fût venu, il m'eût trouvé, yenye umbo la namna moja katika vishazi vyote viwili. Kiswahili husema, "Angalikuja, angalinikuta." Hapa pia ulinganifu upo, ila kwetu kazi hiyo hufanywa na kiambishi -ngali-, ambacho vitabu vyetu hukiweka katika sura nyingine kabisa.

Mombasa ina historia ndefu katika jambo hili. Krapf alifika kisiwani mwaka 1844, na sarufi yake ikachapishwa mwaka 1850. Sacleux, Mfaransa, alichapisha sarufi ya lahaja za Kiswahili mwaka 1909. Mkutano wa 1928 ulioichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa hapa hapa, na sarufi ya Ashton ikafuata mwaka 1944. Wageni hao walitufanyia kazi kubwa, na lawama si yao. Lawama ni yetu sisi wenye lugha, ikiwa tutaendelea kuuliza kama umbo fulani la Ulaya limo katika Kiswahili, kabla ya kuuliza Kiswahili chenyewe husemaje.

Napendekeza basi kwamba vitabu vyetu vionyeshe dhamira tegemezi kwa safu tatu: sahili, "afike", timilifu, "awe amefika", na endelevu, "awe anasoma", pamoja na vikanushi vyake, "asifike", "asiwe amefika", "asiwe anasoma". Ama yule mwanafunzi, alama zake nimemrudishia.