RTX 5060 Ti ya GB 8: Kosa la Dola 50

Chipu yenyewe ni safi. Aliyeharibu ni yule wa Nvidia aliyeketi Santa Clara akaidhinisha RTX 5060 Ti ya GB 8, na tangu ilipotoka Aprili 2025 sijasikia utetezi hata mmoja unaosimama. Uzinduzi mliufuata, kwa hiyo sitawachosha: kadi mbili, jina moja, chipu moja, kore 4,608 kwa zote, wati 180 kwa zote. Moja ina GB 16 na ilitangazwa kwa dola 429. Nyingine ina GB 8 na ilitangazwa kwa dola 379. Tofauti ni dola 50, ambazo kwa shilingi 129 kwa dola ni 6,450, kabla ya VAT ya asilimia 16 na faida ya mwenye duka. Kijana wa hapa Bahati, Nakuru, aliyejinyima hadi akafikisha elfu arobaini na tisa angejinyima kidogo zaidi akafika hamsini na tano, kama angeambiwa ukweli. Hakuambiwa.

Tukae hapo kwenye memori, maana ndipo kesi ilipo. Upana wa njia ya memori kwenye kadi hii ni biti 128, yaani chipu nne za GDDR7, kila moja ikichukua biti 32. Chipu nne za GB 2 zinakupa GB 8. Ukitaka 16, unabandika nyingine nne mgongoni mwa bodi. Hilo walilifanya kwa kadi ya dola 429, kwa hiyo mlango walikuwa wanaujua. Kulikuwa na mlango wa pili pia. Majira hayohayo RTX 5090 ya laptop ilitoka na GB 24 kwenye biti 256, yaani chipu nane za GB 3. Chipu nne za aina hiyo zingekupa GB 12 bila kugusa mgongo wa bodi. Najua zilikuwa adimu wakati huo. Basi wangesubiri, au wangeacha ya GB 8 isizaliwe kabisa.

Halafu kuna njia za PCIe. Zamani kadi ya daraja hili ilipewa njia 16. Hii imepewa 8, eti kwa sababu ni PCIe 5.0 na njia 8 za 5.0 zinatosha. Kwenye karatasi zinatosha kweli: ni karibu GB 32 kwa sekunde. Lakini PCIe hufuata mwendo wa aliye mzee. Chomeka kadi hii kwenye bodi ya PCIe 3.0 na njia zake nane zinabaki na GB 8 hivi kwa sekunde. Memori yake yenyewe inakimbia GB 448 kwa sekunde. Gemu ikidai tekscha za GB 10 kwenye kadi ya GB 8, zile mbili zilizokosa nafasi zinalazwa kwenye RAM ya mashine, na kila zikihitajika zinapitishwa kwenye mrija ulio mwembamba mara 56 kuliko ule wa ndani. Fremu haziteremki taratibu hapo. Zinakatika. Unageuka kona, skrini inaganda, inarudi, inaganda tena, na wewe ulishapigwa risasi.

Sasa tazama mashine zilizoko hapa kwetu. Kuanzia Kiamaina hadi Dundori, ukiingia cyber, ofisi ya mpiga picha za harusi au chumba cha mwanafunzi anayejifunza Blender, utakuta mnara wa ex-UK: OptiPlex au EliteDesk yenye Core i5 ya kizazi cha sita, cha saba, cha nane. Zote hizo ni PCIe 3.0. Hata kizazi cha kumi cha Intel ni 3.0, 4.0 ilianza na cha kumi na moja. Mwenye Ryzen kwenye B450 naye yuko chumba hichohicho. Wachambuzi wa ng'ambo hupima kadi kwenye Ryzen 7 9800X3D na bodi ya 5.0 inayometameta, kwa hiyo grafu wanazotuonyesha ni za nyumba ya mtu mwingine. Na hata kwenye nyumba hiyo ya kifahari, Hardware Unboxed walipoipata ya GB 8 waliionyesha ikianguka pale ndugu yake wa GB 16 alipokuwa anatembea tu. Fungua Indiana Jones and the Great Circle, pandisha hifadhi ya tekscha ngazi moja kupita uwezo, ushuhudie mwenyewe. Kama si mchezaji, muulize anayehariri harusi za 4K kwa DaVinci Resolve: memori ya GPU ikijaa, programu inakuandikia hivyo waziwazi na kazi inasimama, bibi harusi akiwa nusu ya njia kuelekea madhabahuni.

Ninachoshindwa kusamehe ni jinsi Nvidia walivyoificha kadi hii. Wachambuzi walitumiwa ya GB 16. Ya GB 8 ilibidi waitafute wenyewe. Mwezi uliofuata, RTX 5060 ya dola 299 ilipoingia sokoni Mei 19, draiva ilizuiliwa hadi siku ya mauzo, wakati waandishi wengi wako safarini kwenda Computex, Taipei. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki hata kujitembeza hakikuthubutu.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua nimekuwa nikilia na majina tangu 2016, Nvidia walipotoa GTX 1060 ya GB 3 wakaacha watu waamini kilichopungua ni memori tu, kumbe hata kore zilishushwa kutoka 1,280 hadi 1,152. Kabla ya hapo kulikuwa na GTX 970, GB 4 zilizokuwa 3.5 za mbio na 0.5 ya kujikokota, iliyowafikisha mahakamani na kuwalazimu kukubali kulipa dola 30 kwa kila mnunuzi wa Marekani. Mnunuzi wa Nakuru hakuona hata senti. Oktoba 2022 waliiondoa RTX 4080 ya GB 12 kabla haijauzwa, kelele zilipozidi, nikadhani wamejifunza. Mwaka huohuo haujaisha wakaleta RTX 3060 ya GB 8 yenye biti 128 badala ya 192, chini ya jina lilelile. Hawa hawajifunzi, wanapumzika.

AMD nao wasipige vigelegele. RX 9060 XT iliingia Juni 5, 2025 ikiwa na njia zote 16 za PCIe, jambo ambalo kwa mwenye bodi ya 3.0 lina uzito kuliko tangazo lolote, na ya GB 16 ilitangazwa kwa dola 349. Hapo walicheza vizuri. Lakini wakatoa na ya GB 8 kwa dola 299, jina lilelile, na Frank Azor wao akajitokeza kwenye X kutetea kwamba wachezaji wengi wako 1080p na GB 8 zinawatosha. Zinawatosha leo, kwenye gemu za jana. Na kampuni hii ndiyo iliyotuletea RX 6500 XT Januari 2022, njia nne tu, GB 4, dola 199, bila hata uwezo wa kurekodi video kwa kadi yenyewe. Ukiiweka kwenye OptiPlex ni kama kufunga injini ya lori kwenye mkokoteni wa punda kisha kumlaumu punda. Mimi sijasahau.

Utendaji? Ukilinganisha zenye GB 16, 5060 Ti iko mbele kwa asilimia chache kwenye gemu za kawaida na kwa pengo kubwa zaidi kwenye ray tracing, DLSS 4 ni kazi nzuri, na kwa Blender mashindano yalishaisha zamani. Hata hivyo pengo hilo linakugharimu dola 80 kwa bei za uzinduzi, zaidi ya shilingi elfu kumi. Kwa mchezaji, 9060 XT ya GB 16. Kwa anayeishi Blender, 5060 Ti ya GB 16 na aage. Sina zaidi la kusema hapo.

Joto linahitaji maneno machache, kwa sababu watu wa hapa wanadanganywa pande zote mbili. Wati 180 za Nvidia dhidi ya 160 za 9060 XT ya GB 16 si jambo la kukukosesha usingizi: wati 20 kwa saa tano za kucheza kila siku ni unit moja ya tokeni kwa siku kumi. Cha maana ni hewa. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na Bahati inapanda zaidi kuelekea msituni. Ukifika mita 2,000, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Mombasa, na feni inayosukuma ujazo uleule inabeba joto dogo zaidi, kwa hiyo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na kelele inaongezeka. Upande wa pili, chumba cha Bahati mwezi wa Julai kina ubaridi ambao mtu wa Likoni anaulipia AC. Ukijumlisha hayo mawili, faida inabaki kwetu. Adui wetu halisi ni vumbi la Januari na Februari, lile la barabara za murram, linalojibana kwenye mabawa ya alumini hadi yakafanana na blanketi. Fungua mnara, shika feni isizunguke, puliza. Kadi ya feni mbili iliyosafishwa itakaa vizuri hapa. Iliyojaa vumbi itapika chochote, iwe ya kijani au nyekundu.

Intel Arc B580 wengi wenu mmeniulizia. GB 12, biti 192, dola 249 ilipotoka Desemba 2024: kwenye karatasi ndiyo kadi yenye heshima kuliko zote nilizotaja. Tatizo ni kwamba inataka Resizable BAR, na minara yetu ya kizazi cha sita na cha saba haina. Draiva zake pia zinaitegemea sana CPU, hivyo CPU kuukuu inaibana hata pale BAR ipo. Mwenye mashine mpya achukue bila kusita. Mwenye ex-UK aipite.

Na hapa ndipo ninapowakumbuka waliotangulia, mkitaka mseme nimezeeka. Juni 2016 RX 480 ya GB 8 ilitangazwa kwa dola 239, biti 256, njia 16. Ndiyo, mwanzoni ilivuta umeme wa slot kupita kiasi, wakairekebisha kwa draiva ndani ya siku chache. Miaka tisa baadaye tukauziwa GB zilezile 8 kwa dola 379, na njia zimekatwa nusu. Februari 2021 Nvidia haohao walitoa RTX 3060 ya GB 12, biti 192, njia 16, wati 170, dola 329. Haina kasi ya 5060 Ti, lakini kwenye mnara wa PCIe 3.0 wenye gemu iliyoshiba tekscha haitakuaibisha, na ikipatikana mtumba iliyotunzwa ningeichukua kabla ya 5060 Ti ya GB 8 huku nikipiga mluzi.

Shujaa wa kweli wa minara ya ex-UK ni GTX 1050 Ti ya Oktoba 2016: wati 75, dola 139, njia 16, na nyingi hazihitaji hata waya wa umeme. Fungua OptiPlex usome kibandiko cha pawasaplai: wati 240, wati 260, na hakuna waya wa pini nane unaoning'inia popote. Nvidia inapendekeza wati 600 kwa 5060 Ti, AMD wati 450 kwa 9060 XT. Kwa hiyo kadi yoyote kati ya hizi inakuja na bili ya pili ya pawasaplai, na kwenye minara mingi ya Dell hata plagi ya bodi si ya kawaida, unahitaji adapta. Muuzaji mzuri atakuambia hili kabla hujalipa. Waliorithi kiti cha 1050 Ti, RTX 3050 ya GB 6 na RX 6400, walikuja na njia 8 na njia 4. Hakuna kampuni hata moja kati ya Nvidia, AMD na Intel inayotaka tena kumhudumia mwenye wati 75, na hilo ni kosa la pili, japo halina kelele kama la kwanza.

Kama una pawasaplai ya wati 500 na bodi ya PCIe 3.0, chukua 9060 XT ya GB 16. Ukishuka Nakuru mjini au ukaagiza Luthuli Avenue, usiridhike na jina lililo kwenye boksi, kwa sababu 5060 Ti zote mbili na 9060 XT zote mbili zimeandikwa jina moja. Mwambie muuzaji aandike idadi ya GB kwenye risiti kabla hujatuma M-Pesa. Akikataa, toka.