Haki ya Fundi wa Viyoyozi
Aghalabu sisi tunaostarehe vyumbani Dar es Salaam, hali jua la Januari lachoma mabati, hatumkumbuki fundi aliyeukata mdomo wa bomba la shaba, akausafisha chenga zake, akaupanua taratibu hata ukalingana na nati, kisha akaikaza kwa kadiri, kwani ikilegea gesi huvuja, na ikizidi kukazwa shaba hupasuka. Kisha, ili kutafuta uvujaji, hujaza bombani naitrojeni kavu, wala si oksijeni, ambayo ikikutana na mafuta ya kompresa yaweza kuripuka; akapaka povu la sabuni kila kiungo, akainamia kutazama kipovu kimoja kinachovimba. Ndipo huvuta kwa pampu hewa na unyevu wote, na mshale wa geji usipotulia, hufungua akaanza upya, ingawa lau angaliacha vivyo hivyo, mwenye nyumba asingalitambua ila baada ya miezi.