Imani, Siasa na Mnyonge: Tuisome Upya Hotuba ya Maryknoll

Oktoba 1970 Mwalimu Julius Nyerere alizungumza na masista wa Maryknoll, New York. Hotuba hiyo imefundishwa kwa miaka mingi katika madarasa ya siasa. Kiini chake ni kwamba umaskini wa wengi unatokana na mifumo iliyojengwa na watu; kwa hiyo Kanisa linalotoa sadaka na kuiacha mifumo hiyo isimame litageuka kuwa kimbilio la waoga. Mkristo hana budi kushiriki katika mapambano.

Maneno hayo yalikuwa na sababu katika historia yetu. Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale huko Mohoro, pembezoni mwa delta ya Rufiji. Mwezi huo huo, karibu na Liwale, wapiganaji wa Majimaji walimwua Askofu Cassian Spiss na wenzake. Hatushangilii damu ile. Tunachosema ni kwamba machoni mwa mkulima aliyelazimishwa kulima pamba, misheni na boma vilikuwa kitu kimoja. Dini inayokaa kimya mbele ya dhuluma huhesabiwa kuwa upande wa mdhalimu, hata kama haikushika bunduki.

Nguvu ya hotuba imo katika agizo lake la pili: kazi ifanywe pamoja na watu, wala si kwa niaba yao. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alilitekeleza kwa vitendo alipokwenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Hakungoja wakulima waje kwake.

Lakini hapa ndipo tunapopaswa kujikosoa. Tumeisoma hotuba hii upande mmoja. Tumeifanya fimbo ya kuwachapia mapadri na wachungaji, tukasahau kwamba kipimo kinachompima askofu kinampima pia kada.

Tuchukue Rufiji yenyewe. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ikawahamisha watu kutoka bondeni hadi kwenye miinuko. Nia ilikuwa njema: kuwaepusha na maji, na kuwakusanya mahali panapofikiwa na shule, zahanati na maji safi. Kosa lilikuwa katika njia. Mkulima wa Rufiji hakuyajua mafuriko kama adui tu. Ndiyo yaliyomletea rutuba, na maji yalipopungua alipanda mahindi na kunde katika udongo wenye unyevu, kilimo anachokiita mlau. Aliishi shambani katika dungu, nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo, ili awafukuze ndege, nyani na nguruwe. Alipohamishiwa juu, shamba lilibaki bondeni. Akawa anatembea mwendo mrefu, na wanyama wakavuna kabla yake.

Je, Mkristo aliyekuwa mtumishi wa serikali au kiongozi wa TANU katika operesheni ile alitakiwa kufanya nini? Kunyamaza kwa sababu mpango ulikuwa wa chama chake? Tunajibu kwamba hapana. Mwongozo wa TANU wa 1971, katika ibara ya 15, ulikataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Aliyesema kikaoni, "Tuwasikilize kwanza wenye mashamba," hakuwa msaliti wa Ujamaa. Huyo ndiye aliyeuelewa.

Wapo watakaosema kwamba tunafungua mlango wa kuchanganya dini na siasa. Hoja hiyo ni nzito, hasa huku, ambako wakazi wengi wa delta ni Waislamu. Basi tutofautishe. Imani yaweza kumpa mtu ujasiri wa kusema. Haimpi haki ya kutaka atiiwe. Akifika mkutanoni Nyamisati au Salale na kudai jambo kwa sababu Biblia imesema, amewafunga midomo jirani zake. Akisema kwamba mpunga utaharibika kwa sababu shamba liko mbali na nyumba, kila mmoja, awe Mwislamu, Mkristo au asiye na dini, anaweza kuipima hoja yake na kuipinga. Hiyo ndiyo siasa ya umma. Mwalimu mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa, lakini Azimio la Arusha la 1967 lilijengwa juu ya usawa wa binadamu na kazi, misingi ambayo Mwislamu na Mkristo waliweza kuitetea pamoja.

Wilaya ya Kibiti ilianzishwa 2016 kwa kumegwa kutoka Rufiji. Kada kijana anayepangiwa kazi huko leo atakuta maswali yale yale kwa sura mpya: mikoko, uvuvi, ardhi, malisho. Tunamwagiza, akiwa muumini, ajiulize maswali matatu kabla ya kila uamuzi. Nani atabeba mzigo wake? Je, huyo amesikilizwa? Na je, sababu ninazozitoa zinaeleweka na jirani asiyesali pamoja nami?

Akishindwa kujibu, asijifiche nyuma ya msalaba, wala nyuma ya kadi ya chama. Arudi kijijini akaulize.