«Kimya» cha Endo: tulivyosoma habari za Japani

Tulipokuwa katika masomo ya filozofia, kitabu kimoja cha kifransa kilipita mikononi mwetu, kila mutu akipewa usiku tatu tu. Kilikuwa «Kimya», hadisi ya Endo Shusaku, mukristu wa Japani, iliyotokea mwaka 1966. Juu ya Japani tulijua pikipiki na redio, na Mutakatifu Fransisko Xaveri aliyefika kule mwaka 1549. Nyuma ya kusoma, mwenzetu mumoja akasema: «Basi, inchi ile haiwezi kupokea Injili.» Wote tukaitika. Tuliitika mbio, na kwa hiyo tumekisoma tena.

Padri Rodrigues, wa Shirika la Yezu, anatoka Ureno na kuingia Japani kwa kujificha, wakati wa mateso. Anamutafuta mwalimu wake, Padri Ferreira, ambaye inasemwa amekana imani. Anakamatwa. Hawautesi mwili wake. Wanatundika wakristu maskini kichwa chini ndani ya shimo, na kumwambia: kanyaga sanamu ya Kristu, nao watapona. Anakanyaga.

Ndani ya kitabu, Ferreira anasema kwamba Japani ni kinamasi: mumea unaopandwa pale, mizizi yake inaoza. Maneno hayo ndiyo tuliyobeba. Lakini nani anayasema? Mutu aliyevunjwa, anayetafuta sababu ya kuanguka kwake. Hatukujiuliza. Tunamukasirikia Muzungu asomaye kitabu kimoja juu ya Kongo, kisha anatuelezea tabia yetu. Nasi tuliwatendea Wajapani vilevile.

Tuone historia. Ferreira alikuwa mutu kweli. Alikana mwaka 1633, kule Nagasaki, katika mateso ya shimo. Pamoja naye alitundikwa Padri Juliani Nakaura, mwana wa Japani, mumoja wa vijana wane waliotumwa safari ya Roma mwaka 1582. Huyu hakukana. Alikufa mule, na Eklezya ilimutangaza mwenye heri mwaka 2008. Mumea wa kinamasi ulisimama, ule wa Ulaya ukainama. (Hatumucheki Ferreira: hakuna mumoja wetu aliyetundikwa katika shimo.) Tena, tarehe 17 ya mwezi wa tatu 1865, katika kanisa jipya la Oura, pale Nagasaki, watu wa kijiji cha Urakami walimukaribia Padri Petitjean, wakamufunulia kwamba wao ni wakristu. Walikuwa wamebatizana na kusali kwa siri zaidi ya miaka 200, pasipo padri hata mumoja. Makatekista wetu wasome habari hiyo mara mbili.

Endo aliyajua hayo yote. Basi kwa nini kinamasi? Ni kidonda chake mwenyewe. Alibatizwa angali mutoto, kwa mapenzi ya mama yake. Mwaka 1950 alikwenda Ufaransa kusoma waandishi wakatoliki wa kule, na imani ikaonekana kwake kama nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mutu mwengine. Hakuivua, alikaa miaka yote akiishona upya, mpaka kufa kwake mwaka 1996. Museminari aliyevaa kanzu ya kwanza na kuona mikono inapita vidole vyake atamufahamu.

Lakini tuna neno juu ya kitabu. Wakulima wake karibu hawana kinywa. Mokichi na Ichizo, waliofungwa kwenye miti ndani ya bahari, wanakufa vizuri sana, na hatujui waliwaza nini, kwani tunawaona kwa macho ya padri tu. Na ile sauti inayomuruhusu Rodrigues kukanyaga, hatuwezi kuifundisha darasani kama mafundisho ya Eklezya. Mwandishi anaonyesha roho katika giza, hatoi katekismu.

Aliye hai kupita wote ni Kichijiro, mwoga anayemuuza padri, kisha anamufuata mbio akilia apewe maungamo, na kuanguka tena. Kila padri muungamishi anamujua. Wanafunzi wengi wanaruka kurasa za mwisho, zilizoandikwa kama karatasi za ofisi, baridi, bila machozi. Wasiziruke. Miaka mingi imepita, Rodrigues amepewa jina la kijapani na analindwa na serikali. Na mule, kati ya hesabu za walinzi, Kichijiro anakutwa na picha ndogo za watakatifu, alizozificha.