Mapera na Mapeasi

Namheshimu sana mtu anayeweza kusimama mbele ya mafungu ya matunda sokoni Lushoto akakueleza kila jina lilipitia bandari gani. Kufuatilia asili ya maneno ni ufundi kamili, nao hutaka sikio, ramani na subira.

Chukua pera. Mpera asili yake ni bara la Amerika, lakini jina ni la Kireno, na kwa Wareno pera ni tunda jingine kabisa, lile la nchi za baridi lenye shingo nyembamba. Walikuta tunda geni wakalipa jina la tunda la kwao. Fundi haishii hapo. Anavuka bahari mpaka Mumbai, anakuta Wamarathi nao huliita peru, ndipo anapoona kwamba neno lilishuka pwani zote mbili pamoja na Wareno.

Baadaye tunda lenyewe la baridi likapata makao katika milima hii ya Usambara, na jina lake limeshachukuliwa! Likaitwa peasi, kutoka Kiingereza, pamoja na ile s ya wingi ambayo masikio yetu hayakuihesabu. Plamsi, tunda jingine la baridi, nayo ina s hiyo. Leo twasema mapeasi, wingi juu ya wingi, nami sioni kosa: hiyo ni lugha yenye afya. Wajerumani, walioupa mji wa Lushoto jina la Wilhelmstal, waliliita Birne. Neno hilo halikushika, ingawa shule, neno lao, tunalo mpaka leo.

Lakini ukitaka kumpima fundi, mpe mdalasini, zao la wakulima wa Amani, katika milima hiyohiyo. Mvivu hatasikia kitu. Fundi atasikia darchini ya Kiajemi, yaani mti wa China. Kiarabu hakina sauti ch, kikatamka s. Waswahili wakageuza r kuwa l, kisha wakaupa m ya miti, kama mwembe na mpera. Kila badiliko lina sababu yake, na sababu hizo ndizo ushahidi wake.

Kazi hii hutaka miguu pia. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipanda mpaka Vuga, Usambara, mwaka 1848 kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Natamani watoto wa Lushoto wafundishwe ufundi huu palepale sokoni, fungu kwa fungu, wauzaji wakiwa walimu wao wa kwanza.